Kupimwa Hakurithiwi

Kabla hajaitwa Mama Ukoo alikuwa mchoraji tu, na kabla ya hapo alikuwa yule binti aliyeletwa kiwandani na chuo cha ufundi, watu wakadhani amekuja kupanga vikombe. Mtunza stoo alimwonyesha lilipo birika. Yeye akamwonyesha barua yake ya kazi. Wakacheka wote wawili, na tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Kiwanda kilitengeneza boila za mvuke, zile zinazopikia shule nzima kwa mkupuo mmoja na kuchemshia mashuka ya hospitali. Chumba cha michoro kilikuwa juu ya stoo. Ulipanda ngazi za chuma zilizolia kila hatua kama zinakuteta. Ndani mlikuwa na meza zilizoinama, madroo mapana yaliyoshiba michoro, na dirisha moja lililotazama uwanja wa kupakia. Chini, mashine za kukata chuma zilipiga kelele kutwa, hata wachoraji wakazoea kuzungumza kwa mikono na nyusi.

Alikaa humo miaka mingi, na katika miaka hiyo aliokota chuki moja tu: chuki ya kitu kimoja kuandikwa mahali pengi. Boliti ya mfuniko ilikuwamo katika mchoro wa boila ya jikoni, wa boila ya dobi na wa boila ya hospitali, na kila mchoro uliipa unene wake. Mhandisi akirekebisha mmoja, mingine ilibaki na uongo wa jana. Siku moja mpishi mkuu wa shule alipiga simu. "Boila imefika na mfuniko umefika," alisema, "ila naona hawa wawili hawajatambulishana." Matundu ya juu hayakulingana na ya chini. Ofisi nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amechora mfuniko ule kwa usahihi, na mwenzake alikuwa amechora boila ile kwa usahihi, na usahihi wao wawili ulikuwa umezaa upuuzi.

Hapo ndipo alipoamua kurudi shule. Jioni, baada ya kazi, alijifunza namna ya kupanga taarifa za bidhaa ndani ya kompyuta: kila kipande kiwe kitu kimoja, kiandikwe mara moja, kiwe na sifa zake, kijue ni cha aina gani na kinakaa ndani ya nini. Michoro yote inayokihitaji ikiendee hicho hicho kimoja, isikinakili. Kikibadilika, kimebadilika kwa yote. Alimpelekea meneja wazo hilo. Meneja, mtu mwenye tai fupi na subira fupi zaidi, alimsikiliza huku akisaini mambo mengine.

"Jaribu," alisema. "Ukishindwa, mimi sikukutuma."

Akajaribu. Na kwa kuwa mfumo usioeleweka na watu ni pambo, alianza na watu. Aliwakusanya mafundi kwenye karakana ya kuunganishia, akasimama juu ya kreti.

"Boliti zote ni ndugu," aliwaambia. "Wana mzazi mmoja, anaitwa Boliti. Jambo lolote walilo nalo wote, tunamwandikia mzazi, watoto wanarithi. La mtoto peke yake, kama urefu wake, tunamwandikia mtoto mwenyewe."

"Kama mimi nilivyorithi upara wa baba," alisema Cheche, fundi wa majaribio, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya zamani zake za uchomeleaji na ulimi wake wa sasa.

"Hivyo hivyo."

"Na vali ni mtoto wa boila?"

"Hapana. Vali ni sehemu ya boila. Mkono wako si mwanao, Cheche, ni sehemu yako. Mwanao si sehemu yako, ila amechukua pua yako."

"Maskini mtoto!" akadakia mtunza stoo, na karakana ikaangua kicheko.

Somo likaingia. Haukupita muda, ukienda dirishani kwa mtunza stoo kuomba nati, ulikuwa unaulizwa, "Ya ukoo gani?" Washa, kile kipete cha chini ya nati, iliyokutwa sakafuni bila kibandiko iliitwa mtoto wa kuokotwa. Mfumo wenyewe, uliokuwa na jina refu katika karatasi za meneja, kila mtu aliuita Ukoo. Na mchoraji akawa Mama Ukoo. Watu waliomwita hivyo kwa mzaha waliishia kumwita hivyo kwa heshima, kwa maana boila na mifuniko sasa ilikuwa inatambulishana.

Lakini yuko mtu mmoja aliyemwamini kabla ya wote. Naye ni wifi yake.

Tena walikuwa marafiki kabla ya kuwa mawifi. Wifi alikuwa afisa ununuzi. Ofisi yake ilipakana na stoo, na mchana walikula meza moja. Siku moja aliweka kijiko chini akasema, "Nina kaka yangu. Anatengeneza saa na redio. Hana makuu, hana maneno, na meno yake yote ni mazima. Unamtaka au nimpe mwingine?" Mchoraji alicheka hadi akapaliwa. Mwaka uliofuata aliolewa na huyo mwenye meno mazima, na wifi ndiye aliyemshika mkono kuingia naye ukweni. Watu walisema mawifi hawapikiki chungu kimoja. Wao walipika, wakala, wakakwangua na ukoko.

Ukoo ulipokaribia kukamilika, meneja alimfanya mchoraji kaimu mkuu wa kitengo kipya, kitengo cha taarifa za bidhaa. Kaimu ni neno lenye mguu mmoja. Barua ya kumthibitisha, alisema meneja, ingetoka siku shehena kubwa ya kwanza itakapoondoka chini ya mfumo mpya: boila za shule na hospitali, malori mazima. Alikuwa hajawahi kutaka kitu kiasi hicho. Hakukitaka kwa ajili ya kiti. Alitaka siku moja, katika kiwanda kilichomwonyesha birika, mlango uwe na cheo chake kwa kazi aliyoifikiria kwa kichwa chake.

Na ni kichwa hicho hicho, Jumamosi moja, kilichokuwa magotini kwa wifi yake.

Wifi alikuwa akimsuka. Mchoraji aliketi kwenye mkeka, mabega yake kati ya magoti ya wifi, kitana kikipita kichwani kikitafuta njia. Ukimpa mtu kichwa chako namna hiyo, ulimi nao hufuata.

"Wifi, kuna jambo linaninyima raha," alisema.

"Kaka yangu?"

"Kaka yako hana neno. Ukoo. Nimekosea mahali."

"Kaa sawa, nitakuvuta. Umekosea wapi?"

"Kila kipande kina sifa inayosema kama kimepimwa. Nimeiweka kwa mzazi. Zamani haikuwa na shida, springi zote za vali ya usalama zilitoka kwa mtengenezaji mmoja, tulizipima pamoja. Lakini leo ukisajili springi mpya chini ya mzazi yule yule, Ukoo utasema imepimwa, hata kama imeshuka kwenye gari sasa hivi. Inarithi."

Kitana kilisimama kidogo. "Yaani baba akifaulu mtihani, mtoto naye kafaulu?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo. Na kupimwa hakurithiwi. Urefu wa aina, chuma chake, rangi yake, sawa. Kupimwa ni kwa kila mmoja na siku yake. Inabidi niitoe kwa mzazi, niishushe kwa kila springi, kila vali, kila geji."

"Kazi ya muda gani?"

"Kuibadilisha ni dakika. Ila nikishaibadilisha, vipande vyote vitaonekana havijapimwa mpaka turudie kujaza. Nitamwambia meneja Jumatatu."

"Umwambie nini?" Wifi alimgeuza kichwa taratibu, kama fundi anayetafuta upande wenye mwanga. "Kwamba wiki mbili kabla ya shehena umegundua nyumba haina paa? Atakunyang'anya kitengo ampe mpwa wake. Subiri boila zitoke, chukua barua yako, kisha rekebisha kimya kimya. Springi zilizopo stoo si zimepimwa kweli?"

"Zimepimwa kweli."

"Basi nani atadhurika? Mimi ndiye ninayenunua, au siye? Hakuna springi mpya itakayoingia bila mimi kujua. Nitakulindia mlango."

Nitakulindia mlango. Mchoraji alifumba macho, akaacha vidole vya wifi viendelee. Ndugu msomaji, usimcheke. Wewe nawe unaye mtu ambaye akikwambia hivyo unalala usingizi.

Siku chache kabla ya malori kuja, alishuka karakanani kutazama vali zikiunganishwa. Alipenda kutazama. Mikono ya mafundi ilikwenda bila kuulizwa: kiti cha vali, kizibo, springi, kofia, funga. Akaona springi mkononi mwa fundi mmoja, akaiomba. Ilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia. Springi zao zilikuwa na mng'ao wa bluu, kama shingo ya njiwa. Aliibonyeza kwa vidole viwili; ilikataa kama mtoto mkaidi.

Alikwenda hadi dirishani kwa mtunza stoo. "Hizi zimetoka wapi?"

"Zimeingia juzi. Zile za zamani zilibaki kiganja, hazikutosha shehena. Aliyekuwa alete nyingine amekwama."

"Zimepimwa?"

Mtunza stoo aligeuza skrini yake imtazame. Springi ya vali ya usalama. Mzazi wake yule yule. Na pale chini, kwa herufi alizozichagua mwenyewe: Imepimwa, Ndiyo.

"Mama Ukoo, wewe ndiwe uliyetufundisha tuamini skrini," alisema yule mzee kwa upole. "Zamani ningempelekea Cheche mojamoja. Sasa skrini ikisema ndiyo, natoa."

Alichukua vali iliyokwisha unganishwa, akaipeleka kwenye meza ya majaribio. Cheche aliifunga kwenye bomba, akaanza kupampu maji. Vali ya usalama ina kazi moja duniani: presha ikizidi, ifunguke, iachie, kabla boila haijapasuka. Mafundi hukuita huko kufunguka kupiga chafya. Mshale wa geji ulipanda. Ukakaribia mstari mwekundu, mahali ambapo kila vali aliyowahi kuiona ilikuwa imekwisha piga chafya zamani. Vali ikanyamaza. Mshale ukauvuka mstari. Ikanyamaza.

"Piga chafya, mama," Cheche aliisihi, bila mzaha safari hii. "Piga chafya, tafadhali."

Mshale ukaendelea. Cheche akaacha pampu, akafungua maji pembeni, akafuta mikono kwenye suruali. "Hii," alisema, "mpishi akiwa amesimama karibu, hatapata hata nafasi ya kuuliza kulikoni."

 Mchoraji alikuwa tayari anatembea.

Wifi alikuwa ofisini, kalamu nyuma ya sikio. Mchoraji aliweka springi ya kijivu juu ya meza.

"Wifi. Hizi umezinunua wewe?"

"Funga mlango."

"Umezisajili wewe?"

"Funga mlango kwanza, watu wanasikia." Mchoraji hakufunga, wifi akainuka akafunga mwenyewe. "Sikiliza. Meneja aliniita. Akasema malori yasipojaa, nitafute pa kwenda mimi na kalamu yangu. Springi za bluu zingefika mwezi ujao. Hizi zilikuwepo. Kipimo cha urefu ni kile kile, unene ule ule. Ningefanyaje?"

"Ungenipa nizipime."

"Na zingeshindwa, ndiyo? Ungezizuia. Nakujua." Alitazama pembeni. "Nilikumbuka ulichoniambia, nikaziandika pale. Mfumo ukakubali wenyewe. Mimi sikuandika uongo wowote, wifi. Sehemu ile hata sikuigusa."

Ajabu ni kwamba mchoraji hakuhisi hasira mwanzoni. Alihisi kichwa chake. Alihisi kila msuko mmoja mmoja, ulivyokazwa na vidole vile vile vilivyokuwa vinahesabu, hapo hapo, mahali pa kuingilia. Alikuwa amemwonyesha mtu tundu la ukuta ili amsaidie kuliziba, na mtu yule alikuwa amelipima upana.

"Ulisema utanilindia mlango," alisema.

"Nimekulindia! Shehena ikiondoka unapata barua. Mimi nabaki na kazi. Tutazibadilisha springi baadaye, kimya kimya, kama tulivyosema."

"Tulisema mfumo. Hatukusema watu."

Akaichukua springi yake, akatoka.

Meneja aliitisha kikao mchana huo huo, kwa sababu Cheche hana siri na karakana nzima ilikuwa imekwisha jua. Walikaa watano: meneja, mtunza stoo, Cheche, na wanawake wawili wa ukoo mmoja, kila mmoja upande wake wa meza. Springi ya kijivu iliwekwa katikati.

"Nina swali moja," alisema meneja. "Hizi springi zimepimwa au hazijapimwa?"

Wifi aliwahi kabla mwingine hajavuta pumzi. "Meneja, mimi ninanunua, sichori. Nilifungua Ukoo, nikaandika springi chini ya mzazi wake kama tulivyofundishwa sote. Skrini ikaniambia imepimwa. Mimi nani nibishane na skrini?"

"Wifi," alisema mchoraji, kwa sauti ndogo.

"Tena niseme, ingawa huyu ni mke wa kaka yangu na maneno yananichoma. Yeye alijua. Alinieleza kasoro hiyo kwa mdomo wake, nyumbani, akijua kabisa mfumo unadanganya. Na akanyamaza mpaka barua yake itoke."

Angekuwa amesema uongo mtupu, ungekanushika. Huu haukuwa uongo mtupu. Ulikuwa ukweli uliovuliwa nguo zake ukavalishwa za mwingine: ushauri wa wifi umekuwa tamaa ya mchoraji, siri ya mkekani imekuwa njama. Mtunza stoo alitazama mikono yake. Cheche alifungua mdomo, akaufunga, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Ni kweli ulijua?" aliuliza meneja.

Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema nani alimwambia asubiri, kitana kikiwa mkononi. Alimtazama wifi yake, na wifi akatazama springi.

"Nilijua," alisema. "Kasoro ile ni yangu, na kunyamaza ni kwangu. Lakini springi hizi haziko ndani ya kompyuta, meneja. Ziko ndani ya vali, na vali ziko ndani ya boila. Cheche ameona. Boila hizi zisitoke."

"Zitatoka," alisema meneja. "Mafundi watazifuata, watabadilisha vali huko huko zilipo."

"Na kabla hawajafika?"

"Tutawaandikia wateja wasiziwashe."

"Utamwandikia mpishi mwenye watoto mia tano wenye njaa asiwashe jiko jipya?"

Meneja alikaza tai yake, ikawa fupi zaidi. "Mama, nisikilize vizuri. Barua yako iko kwenye droo yangu. Nimekwisha isaini. Ninachohitaji ni mkuu wa kitengo anayejua kutuliza mambo. Makosa haya mawili, lako na lake, yanaweza kumalizikia mezani hapa. Au yasimalizike. Chagua."

Chaguo lenyewe, basi, lilikuwa hilo, limewekwa wazi kama sahani. Kwa upande mmoja mlango wenye cheo chake. Kwa upande wa pili wapishi asiowajua, waliosimama karibu na boila asizozipima. Wako watu ambao wangehitaji kulala na kuamka ndipo walijue jibu, na wengi wao wana ofisi nzuri. Yeye aliinuka.

"Unakwenda wapi? Kikao hakijaisha."

"Juu."

Ngazi zililia chini yake. Bado alikuwa kaimu; ufunguo wa Ukoo ulikuwa wake. Alifungua mfumo hadi juu kabisa, kwa babu wa mababu, kitu alichokiita Kipande, ambacho boliti na nati na springi na geji zote zilishuka kwake. Sifa ya kupimwa aliing'oa hapo, kwenye shina. Akaishusha kwa kila kipande kimoja kimoja, tupu, isubiri mtu mwenye macho na geji. Kisha akabonyeza.

Chini dirishani mtunza stoo aliyekuwa amerudi kwenye kiti chake aliona skrini yake ikibadilika kutoka juu hadi chini. Bado. Bado. Bado. Boliti ambazo hata mwendawazimu asingezitilia shaka: bado. Na kwa kuwa kanuni ya kwanza aliyoiweka Mama Ukoo ilisema boila yenye kipande kisichopimwa haipewi karatasi ya kutoka getini, mashine ya kuchapa ya getini ilikataa. Madereva walizima injini. Mmoja alishuka, akauliza kuna nini. Mlinzi akamjibu kwamba ukoo mzima umefiwa.

Kutoka dirisha lake, mchoraji aliona boila ya kwanza ikishushwa kwenye lori, ikining'inia kwenye mnyororo, ikizunguka polepole kana kwamba inaaga. Simu ya mezani ililia. Aliiacha ilie.

Hakufukuzwa. Kumfukuza kungezaa maswali, na mteja mmoja alikuwa amekwisha sikia. Alirudishwa kwenye meza yake iliyoinama, kama mchoraji. Tangazo lilibandikwa ubaoni: kitengo cha taarifa za bidhaa kitaongozwa na afisa ununuzi wa zamani, kwa uwazi aliouonyesha katika kubaini kasoro za mfumo. Uwazi! Neno hilo limeteseka sana katika nchi za watu. Ukiona mtu amepewa cheo kwa uwazi, uliza kwanza alichungulia dirisha la nani.

Nyumbani ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu huko hakuna ubao wa matangazo. Jumapili walikwenda ukweni. Wifi alikuwako, ameketi karibu na mama yake, macho yamevimba. Na yalikuwa yamevimba kweli, hakuwa anaigiza. Mama mkwe alikuwa akikuna mgongo wa paka asiyekuwa na habari. Hakuna aliyetaja springi wala boila wala wapishi. Kila mmoja alisema "yale mambo".

"Yale mambo yaishe," alisema mumewe hatimaye, yule asiye na maneno, na mchoraji aligundua kwamba alikuwa ameyaweka akiba yote kwa ajili ya siku hii. "Mke wangu, mwombe radhi dada yangu. Umemwaibisha mbele ya bosi wake."

"Mimi?"

"Ulisimamisha kiwanda kizima. Angefukuzwa."

"Na mimi je? Unajua alichosema kwenye kikao?"

"Najua. Alikuwa na hofu." Alisugua dole gumba kama anayefuta vumbi kwenye saa. "Ni dada yangu. Nifanyeje? Damu ni nzito kuliko maji."

Ndivyo wanavyosema, na ni kweli, ni nzito. Hawasemi tu inamzamisha nani.

"Wifi," alisema wifi kutoka upande wa pili wa chumba, pua imeziba, "tusameheane tu. Mimi nimekwisha kusamehe."

Mchoraji aliinua uso. Chumba kizima kilimtazama kwa matumaini, kama watu wanaosubiri mvua ikatike ili waondoke. Angesema neno moja tu, wangepakua chakula. Alijaribu kulitafuta. Kusema haki, alijaribu. Alikuwa mtu wa amani. Lakini kila alipolifikia, alimwona mtu asiyemjua, mwenye mwiko mkononi, amesimama karibu na boila, akipiga soga.

"Kunisamehe nini, wifi?" aliuliza.

 Paka akashuka akaenda zake, na baada ya muda mchoraji naye akaaga kwa adabu, akaenda zake. Mumewe alimsindikiza hadi kizingitini tu.

Springi za bluu zilifika mwezi uliofuata, kreti baada ya kreti. Sasa kila moja ilitakiwa ipimwe peke yake na kuandikiwa peke yake, na mkuu mpya wa kitengo alisema hana mtu wa kumpa kazi hiyo ya kuchosha. Mchoraji akasema ataifanya yeye. Watu walidhani anajiadhibu. Hapana. Alitaka mara hii aione kila moja.

Alikaa kwenye meza ya majaribio na kompyuta ndogo mapajani, Cheche akifunga, akipampu, akifungua. Mshale ulipanda, vali ikapiga chafya mahali pake, maji yakaruka, Cheche akasema "Afya!" kama anavyoambiwa mwenye mafua, naye akaandika Ndiyo kwa kidole chake. Nyingine. Nyingine. Mara chache moja ilichelewa, ikawekwa kwenye ndoo ya pembeni, akaandika Hapana, na Hapana hiyo haikumgusa ndugu yake yeyote.

Katikati ya kreti, wifi alipita karakanani akiwa na wageni, akiwaonyesha Ukoo kwa mkono, akiueleza. Aliueleza vizuri, alikuwa na mwalimu mzuri. "Mkono wako si mwanao," alikuwa akiwaambia, "ni sehemu yako." Wageni wakacheka. Alipofika usawa wa meza alipunguza mwendo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaendelea.

Cheche alisubiri mpaka wamepotea mlangoni.

"Hivi na wifi yako," alisema, akiikaza vali kwenye bomba, bila kumtazama, "mmepatana?"

Mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye sifuri. Mchoraji aliutazama, akautazama zaidi.

"Pampu," alisema.